Kikokotoo Kilichosema kwa Sauti ya Mke Wangu

Riziki yangu naipata katika chumba kimoja cha matofali mabichi pale Base Camp, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Ubao wa mlangoni unasema Sekretariati, kama tulivyozoea kupaita Burundi nilikotoka: mahali pa kuandikiwa barua na kutolewa nakala. Lakini wateja wangu wakubwa si watu wa barua, ni mafundi ujenzi. Fundi huja na vipimo vya nyumba kichwani, nami humwandikia devi, yaani makadirio ya kazi: matofali mangapi, mabati mangapi, mifuko mingapi ya saruji. Anaipeleka kwa mwenye nyumba, wanabishana, anarudi kubadilisha. Siku ya pili wamebishana tena. Sijawahi kumwona mwenye nyumba aliyekubali devi ya kwanza, na namshukuru Mungu kwa hilo.

Taabu yangu ni macho. Daktari wa macho kule Ruharo, mjini Mbarara, aliniambia ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Matone anayonipa ni ya kulinda kilichobaki. Nikitazama mbele naona, ila pembeni pote ni giza, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Kuandika naweza, kwa sababu vidole vinajua njia. Kukokotoa ndiko kulikonishinda. Kila nilipoacha maandishi nikashika simu kupiga hesabu, nikirudi nilikuwa nimepoteza mstari, na mara moja nilimpa fundi mabati ya nyumba ya mtu mwingine. Alinirudia akiwa na hasira za haki kabisa.

Basi nikaamua kuweka kikokotoo ndani ya kihariri chenyewe, ile programu ninayoandikia. Ni programu ya zamani, nyepesi, inayomruhusu mwenye nayo kuifungua tumbo na kuongeza anachotaka. Nilijifunza kuifungua kwa rafiki yangu wa Mbarara, Mnyankole mmoja aliyekuwa akifundisha kompyuta Kamukuzi na ambaye sasa ana ofisi yake Biharwe. Kawia ufike, nilikawia miezi.

Sikutaka kikokotoo cha mabano. Mabano yanataka macho: umefungua wapi, umefunga wapi. Iko namna nyingine ya kuandika hesabu, wataalamu wanaiita ya Kipolandi iliyogeuzwa, nayo haina mabano hata moja. Unaweka namba kwanza, moja juu ya nyingine, kama sahani zinazopangwa. Ukishaziweka ndipo unasema zifanywe nini. Kumi na mbili, tatu, zidisha. Mashine inachukua sahani mbili za juu, inarudisha moja yenye jibu, na hilo jibu linakaa pale likingojea mwenzake. Mzungu aliyeibuni huenda alidhani ni jambo jipya. Kwetu mtu haendi kuposa wala kusuluhisha ugomvi na maneno matupu. Pombe hutangulia, inawekwa chini katikati ya watu, inatazamwa, na mwisho kabisa msemaji anasimama kusema imekuja kufanya nini. Atakayesema kabla ya kuweka, ataambiwa akae chini.

Nilipomweleza mke wangu alicheka mpaka akashika mlango. Yeye alikuwa Mkongomani, wa kule Fizi, na watu wa kwao maneno hutangulia kila kitu.

"Unatanguliza bintu, maneno inakuya nyuma," alisema; bintu kwao ni vitu. "Hii mashine ni Murundi kabisa."

Yeye ndiye aliyesema mashine iwe na sauti. Kwa nini niinamie kioo kutafuta jibu, wakati naweza kuambiwa? Na ndiye aliyekubali kuisomea namba. Kiswahili chake kilikuwa zawadi kwa mtu anayeandika programu. Wengine wanasema ishirini, thelathini, arobaini, kila moja neno lake. Yeye alisema makumi mbili, makumi tatu, makumi ine. Ukiwa na moja mpaka kenda, na kumi, na makumi, na mia, na elfu, unaweza kuunganisha namba yoyote duniani. Tuliongeza "na" ya kuunganishia, "kasoro", kwa namba iliyo chini ya sifuri, na "hakuna", kwa pale unapoiambia mashine ifanye kazi na haina sahani hata moja mbele yake.

Tulirekodi mchana mmoja ndani ya nyumba yetu, simu ikiwa juu ya gunia la maharagwe, blanketi limetundikwa dirishani kuzuia kelele za barabarani. Alikuwa amekaa kitandani. Alisoma neno, akapumzika, akasoma jingine. Alikuwa na moyo mgonjwa tangu utoto, na pumzi yake ilisikika hata akiwa amekaa. Usiku nilikuwa nikiisikia kabla sijasikia kitu kingine. Nilimtumia rafiki yangu wa Biharwe rekodi nzima aondoe mvumo, kisha mimi nikaikata neno moja moja. Mikato yangu ilikuwa safi. Kila neno lilianza pale sauti inapoanza na kuishia pale inapoishia, ili namba ndefu isiburute.

Kwa majuma machache tulifanya kazi hivyo, yeye akiuza maharagwe mlangoni na kujijibu mwenyewe. Mashine ikisema "mia mbili na makumi tano", yeye huko nje anasema, "Ndiyo, bwana." Mafundi walikuwa wakicheka sana.

Alikufa majira ya mvua. Moyo ulichoka, ndivyo walivyosema. Tulimzika Nakivale, mama yake akaja kutoka Rubondo, upande wa pili wa makazi, na watu wakakaa matanga pamoja nasi. Kisha wakaondoka, kama ilivyo desturi, na mimi nikafungua mlango wa Sekretariati kwa sababu mtu lazima ale.

Sikufikiria sauti. Nasema kweli, sikuifikiria. Fundi wa kwanza aliketi, akanipa urefu wa ukuta, nikaweka, akanipa kimo, nikaweka, nikabonyeza alama ya kuzidisha, na mke wangu akasema, "Makumi tatu na sita."

Yule fundi alisimama. Alivua kofia, akaishika kifuani, akaketi tena. Mimi nilikuwa nimeshika kibodi kwa mikono miwili. Kisha, na hili ndilo linalonishangaza mpaka leo, tuliendelea. Akanipa upana na kimo cha mlango ili tuutoe. Nikaviweka. Mke wangu akatutolea.

Wapo walioacha kuja. Wapo walioanza kuja ambao hawakuwa wakija, hawana ukuta wala bati, wanataka tu kuandikiwa kitu chenye namba. Kufa kufaana, alisema jirani yangu anayeuza mafuta ya mawese, na sidhani kama alikuwa na nia mbaya, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akipita asubuhi anasalimu mlangoni, wala salamu haikuwa yangu. Mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa Mbarara, anayetuletea mabati, alisikia jibu moja tu akainuka. Alisema taratibu kwamba sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea, na tangu siku hiyo mizigo yake tunaihesabia nje, juani, kwa vidole.

Nami nilikuwa naogopa, lakini hofu yangu ilikuwa ya namna nyingine. Niliogopa siku itakayopita bila hesabu. Fundi akichelewa, nilikuwa naweka namba zangu mwenyewe, za uongo, nyumba zisizokuwepo, kuta ndefu kutoka hapa mpaka ziwani. Mke wangu alikuwa akisema mambo ambayo hakuwahi kuyasema akiwa hai. Hakuwahi kutamka elfu kenda mia saba na makumi munane na tatu. Alitamka elfu, alitamka kenda, alitamka saba, na mimi nikaunganisha. Kila siku nilikuwa namtia mdomoni neno jipya. Na yeye akalisema kwa sauti ileile, wala haikupanda wala kushuka, hata nilipomfanya aseme kumi mara mia.

Adhuhuri moja nilikuwa nimefunga mlango nikaenda kununua mihogo. Niliporudi nilisikia tangu barabarani. "Hakuna," anasema. "Hakuna. Hakuna. Hakuna." Jua lilikuwa kali, hapakuwa na mtu uwanjani, hata kuku walikuwa wamejificha kivulini. Nilisimama na mihogo yangu mkononi. Mtu wa programu anajua la kufikiri: vumbi limeingia kwenye kibodi, kitufe cha kujumlisha kimekwama, mashine inaombwa kufanya kazi bila sahani na inajibu kama ilivyofundishwa. Nilijua hivyo na miguu haikunipeleka. Mwuza mawese alikuwa ameingia ndani kwake na kufunga mlango mchana kweupe.

Nilipofungua, kitufe kweli kilikuwa kimekwama. Nilikichokonoa kwa njiti, nikapuliza vumbi, nikakibonyeza na kukiachia mpaka kikawa laini. Kisha nikaketi. Mashine ikasema "hakuna" mara moja tena, na vidole vyangu vilikuwa mapajani. Hilo la mwisho sijalipatia sababu, na nimelitafuta.

Ukafika wakati wa kuondoa matanga. Kwetu na kwa Wakongomani jambo hili halitofautiani sana: baada ya muda ukoo unakutana, misa inasomwa, watu wanakula na kunywa, na vitu vya marehemu vinatolewa nje na kugawiwa, ili yeye aende zake na walio hai warudi kazini. Mpaka siku hiyo hajaenda. Yuko pale pale, anangoja mmwachie.

Mama mkwe alikuja kutoka Rubondo kupanga nami. Mkwe hakai uso kwa uso na mama mkwe; kwa hiyo aliweka kigoda nje ya mlango, akanipa mgongo, kitenge begani, akawa anapukuchua maharagwe huku tukizungumza kupitia mlango. Hajawahi kuingia Sekretariati. Habari za sauti watu walikuwa wamemficha, na mimi sikuwa nimeamua kumwambia. Nilikuwa nimezima spika tangu alfajiri, au nilidhani nimezima.

Tukawa tunaandika karatasi ya misa. Akanitajia majina ya wajomba, nikaandika. Akanitajia nyimbo, nikaandika. Tukafika pale juu, chini ya jina lake, mahali ambapo watu wote huandika mwaka wa kuzaliwa, kistari, mwaka wa kufa. Kila karatasi ya namna hiyo niliyowahi kuichapa ina kistari katikati. Lakini vidole vyangu vilikuwa vimekaa muda mrefu na mashine ya kuweka kwanza na kusema baadaye. Nikaandika mwaka wa kuzaliwa. Nikaandika mwaka wa kufa. Mwisho nikabonyeza kistari.

Kwa mashine hicho si kistari. Ni neno: toa.

"Kasoro," alisema mke wangu. "Makumi tatu na ine."

Umri wake, alioutaja mwenyewe, na akautaja kuwa pungufu. Maharagwe yaliacha kudondoka kwenye beseni. Nilingoja kilio, nikajiandaa kutoka nje kumshika, desturi au si desturi. Hakulia. Nikasikia kigoda kikisogezwa karibu na mlango.

"Rudilia," alisema.

Nikarudia. Kasoro. Makumi tatu na ine.

"Tena."

Nikarudia tena. Nilikuwa nimetazama ukuta, yeye ametazama barabara, na sauti iko katikati yetu.

"Mukwe," alisema, "ule hapumue. Sikiliza muzuri. Mutoto wangu alikuwa anapumua mingi tangu utoto. Nilikuwa namusikia mu nyumba yote. Ule hapumue hata kidogo."

Ilikuwa kweli, na ni mimi niliyekata. Miezi ile yote nilikuwa nikijiuliza ni nini kilichokuwa kikinisisimua nywele za shingo wakati sauti ni yake kabisa, na mama huyu aliyesikia maneno machache akakijua. Sauti ilikuwa inasema namba ndefu kuliko pumzi ya mtu yeyote, na haipumui.

Nikamweleza kila kitu, mlango ukiwa kati yetu: macho, mafundi, blanketi dirishani. Hakunilaumu. Aliuliza tu kama yule anayesema anafanya kazi kila siku. Nikasema kila siku isipokuwa Jumapili.

"Basi hatuwezi kuondoa kilio," alisema. "Siku ile bintu byake byote bitoke inje. Byote. Hatuwezi kusema aende, na weye unamushika ku kazi."

Nilikasirika. Nilimwambia, kwa adabu lakini kwa ukali, kwamba nguo zake nitazitoa, sufuria nitazitoa, lakini hii sauti ni macho yangu; nikiitoa nitakula nini? Kipofu hasahau mkongojo wake. Akasema hakuja kunipokonya mkongojo. Alikuja kumchukua mtoto wake. Kisha akabeba beseni lake akaenda kulala kwa ndugu yake, na misa ikabaki bila siku.

Nilikuwa na tarehe ya kliniki Ruharo, nikaenda. Daktari akapima, akasema bomba langu limebana kidogo zaidi. Kutoka hapo nilipanda boda mpaka Biharwe kwa rafiki yangu, nikiwa na shauri moja tu kichwani: anitafutie sauti nyingine, ya mashine, isiyokuwa ya mtu, niiweke mahali pa ile. Alinisikilizisha alizokuwa nazo. Moja ilikuwa ya Kiingereza. Nyingine ilikuwa ya Kiswahili cha pwani, mwanamume mmoja anayesema thelathini na nne kama msoma taarifa ya habari. Nikamwambia huyo hawezi kuingia nyumbani kwangu.

Nikamsimulia ya mama mkwe. Rafiki yangu ni mtu wa mzaha, lakini pale hakutania. Alivuta kiti akaanza kutafuta kwenye kompyuta yake.

"Ile recordi ya kwanza, ile ndefu, mimi hapana futa," alisema. "Mimi hapana futa kitu ya mtu. Iko hapa. Yote iko hapa, na kupumua yake."

Mimi nakala yangu nilikuwa nimeifuta zamani, kompyuta yangu haina nafasi. Nilijua tu vipande. Akanipa spika za masikioni nisikilize, nikakataa. Nilimwuliza kama yeye ameisikiliza. Akasema mwanzo tu, ule aliohitaji kupima mvumo. Mwisho wake hajawahi kuufikia, ni ndefu. Akaitia kwenye flashi, nikaiweka mfuko wa shati, nikaufunga mfuko kwa pini. Njia nzima ya kurudi Nakivale niliushika ule mfuko kwa kiganja. Nilikuwa na wazimu wa kudhani kitu kinapumua mle ndani, na nilikuwa na hofu kubwa zaidi kwamba hakipumui.

Mama mkwe alikuwa bado kwa ndugu yake. Nilimtumia ujumbe, akaja saa za adhuhuri, jua likiwa utosini. Akaweka kigoda chake mahali pake. Nikamwambia hiki si kile cha kazi, hiki ni kile cha kwanza, kabla sijakata. Nikafungua sauti.

Kwanza tulisikia chumba chetu. Blanketi linapigwa na upepo. Mtu anapita nje na baiskeli. Kisha tukasikia pumzi, ndefu, nzito, yenye mkwaruzo kwa mbali mwishoni, na mama mkwe akasema "Eeh" kwa sauti ndogo sana, kama mtu aliyepokelewa mzigo. "Moja," alisema mke wangu. Akapumua. "Mbili." Akapumua. Katikati ya tano na sita akakohoa, akaniomba maji, na mimi nikasikika nikimpa na kumwambia asiguse simu. Kwenye kenda alicheka, sijui kwa nini. Nilikuwa nimeishi na yale maneno miezi yote ile, nikiyasikia mara mia kwa siku, na sikuyatambua. Hapa yalikuwa machache tu, yamesimama mbalimbali, na kati yao palikuwa na mke wangu.

Nililia. Sikuwa nimelia makaburini, watu walinisema kwa hilo. Mama mkwe hakugeuka, lakini alinyoosha mkono nyuma, kupitia mlangoni, akauweka sakafuni ndani ya Sekretariati, kiganja juu, na nikaweka wangu. Desturi yetu haina jina la jambo hilo.

Mke wangu akasoma kumi, akasoma makumi, akasoma mia na elfu. Pumzi zilizidi kurefuka. Sasa nilisikia vizuri jinsi alivyokuwa amechoka siku ile, na jinsi nilivyokuwa nikimwambia neno moja jingine, moja jingine tu. Akasema kasoro. Akasema hakuna. Kisha kikaja kimya ambacho katika kazi yangu nilikuwa nimekitupa bila kukisikiliza, kwa sababu baada ya "hakuna" hapakuwa na neno nililolihitaji.

Katika kimya hicho kitanda kililia kidogo, na sauti yake ikaja karibu na simu.

"Imeisha?" aliuliza. "Nipumuzike sasa?"

Nikangoja nisikie nilimjibu nini. Rekodi ikaishia hapo. Nilikuwa nimenyoosha mkono kuzima, na huenda nilimjibu na huenda sikumjibu. Sikumbuki, na hakuna mahali pa kutafuta. Swali lilibaki chumbani pamoja nasi. Mwuza mawese alikuwa akipiga soga na mtu huko nje, na gari la mizigo likapita na vumbi lake.

Mama mkwe alisimama. Akageuka, akaingia Sekretariati kwa mara ya kwanza, akainama karibu na spika, akaweka mkono juu ya kompyuta kama anavyowekewa mtoto mwenye homa.

"Pumuzika, mama," alimwambia. "Kazi imeisha."

Nilivifuta vipande vyote mbele yake, kimoja kimoja, moja mpaka hakuna. Ile rekodi ndefu aliichukua kwenye flashi, akaifunga kwenye ncha ya kitenge pamoja na rozari yake. Misa ilisomwa juma lililofuata na vitu vyake vikatoka nje vyote.

Siku ya pili yake fundi akaja kutaka devi ya ukuta. Nikaweka urefu, nikaweka kimo, nikabonyeza alama ya kuzidisha. Tulingoja wote wawili, mimi na yeye, muda mrefu kuliko unaohitajika. Kisha nikainama mpaka pua ikakaribia kioo, nikaanza kulitafuta jibu kwa macho.